Tabo Ikizidisha Presha, Wikiendi Inaishia Mapinga

Mwezi huu tunaongea na wale ambao Jumamosi wakitoka kazini wanaikamata Barabara ya Bagamoyo: Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, mpaka ufukweni kula pweza. Kama chini ya boneti kuna tabo, iwe ni Subaru Forester, Impreza WRX, Nissan X-Trail GT au nyingine ya mtumba kutoka Japani, hii inakuhusu wewe na mwenzio.

Tabo ni feni inayosukumwa na moshi wa ekzosi. Huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikishindilia hewa ya ziada kwenye injini. Wazo ni la zamani: Mswisi Alfred Büchi aliliandikisha mwaka 1905. Hewa ikiongezeka, petroli nayo inaongezwa, nguvu inapatikana. Gari nyingi toka kiwandani husukuma kati ya psi 7 na 15 hivi. Kwa kulinganisha, tairi la saluni hujazwa kama psi 30. Presha ikivuka kiwango, joto ndani ya silinda linapanda, petroli inalipuka kabla ya wakati wake, na hapo ndipo pistoni hupasuka au gasketi kuungua. Kwa lugha ya gereji: injini imenoki.

Utajuaje?

Umekanyaga mafuta ulipite lori, ghafla gari linakata kama mtu kazima swichi, halafu linarudi. Wengi husema ni petroli chafu. Inawezekana, lakini kwenye gari la tabo huenda kompyuta imeona presha imezidi, ikakata mafuta ili kuokoa injini. Sasa fikiria limekata ukiwa upande wa kulia na basi linakuja mbele yako. Hapo hatuongelei injini tena, tunaongelea roho za watu.

Chanzo ni nini?

Mara nyingi ni kitu kidogo tu. Kuna kilango, mafundi hukiita westigeti, kinachopitisha moshi pembeni ya tabo presha ikitosha. Kinafunguliwa na kikopo kinachopokea presha kwa mpira mwembamba. Mpira ukipasuka au kuchomoka, kikopo hakipati taarifa, kilango hakifunguki, presha inapanda tu. Na sisi wa pwani tuna hewa ya chumvi: kutu ikishika kijiti cha kilango, kinaganda. Wakati mwingine ni ekzosi kubwa iliyofungwa kwa ajili ya mlio, au kidhibiti presha alichokiacha mwenye gari wa kwanza.

Fanya hivi

• Mwambie fundi akague mipira yote ya tabo na kuhakikisha kijiti cha westigeti kinacheza. Mpira uliokakamaa ubadilishwe.
• Asome kompyuta. Msimbo P0234 maana yake presha imepitiliza.
• Funga geji ya presha, ujifunze namba ya kawaida ya gari lako.
• Fundi akikushauri ufunge kifaa cha kuidanganya kompyuta isikate mafuta, mkatalie. Huko ni kumfunga mdomo mlinzi wakati mwizi yumo ndani.
• Gari nyingi za tabo za soko la Japani zilitengenezwa kwa petroli ya oktani ya juu, karibu 100. Kabla ya kuongeza presha, jiulize unajaza petroli gani.
• Likianza kukata njiani, punguza mguu, endesha taratibu, usiovateki mpaka lipimwe.

Mkae mezani

Kama mmoja wenu amepitia gereji kimyakimya akaongezewa presha, mwenzake anayeendesha na mtoto kiti cha nyuma hajui kitu. Mwambie. Kama ni yeye aliyesikia gari linakata, msikilize, usimjibu kwamba hajui kuendesha. Mpira ni hela ya chakula cha mchana. Injini nyingine ni ile akiba ya kiwanja mnayoijenga wawili.

Na kwenye makazi ya watu, 50 ni 50. Tochi ya trafiki haiulizi kama una tabo.

Tukutane mwezi ujao. Wikiendi njema!