Karatasi ya moyo ikiwa safi, musiharakishe kurudi nyumbani

Ku Makiso, mutu wa miaka 50 akishika kifua na kufa ndani ya masaa machache, maneno ya matanga tunayajua mbele hayajasemwa. Wamemtilia sumu. Mwenzake wa shimo amemuroga sababu ya zahabu. Ndugu wanagombana, pengine kijana asiye na kosa anapigwa. Lakini kuna ugonjwa mmoja unaoua kwa namna hiyohiyo, na mara nyingi hakuna aliyeutafuta: mshipa wa moyo ulioziba.

Wachimbaji wanajua mashini ya kuvuta maji mu shimo. Inatoa maji ya wote, lakini yenyewe bila esansi inazima. Moyo pia ni vile. Unasukuma damu mwili mzima, lakini nyama yake yenyewe inalishwa na mishipa yake midogo. Tumbaku, tansio, ugonjwa wa sukari na miaka vinajaza mafuta ku ukuta wa mishipa hiyo. Siku moja ule ukuta unapasuka, damu inaganda pale, njia inafungwa. Baada ya kama nusu saa nyama ya moyo inaanza kufa, na inaendelea kufa kwa masaa.

Waganga wanagawa mashambulio haya mafungu mawili, kwa kutazama karatasi ya mashini inayopima umeme wa moyo, ile tunaita ECG. Fungu la kwanza linaonekana wazi: mistari inapanda, kila muganga anajua mshipa umeziba. Hapo wanakimbilia kuufungua, kwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda mbele masaa 12 hayajapita, ao kwa waya mwembamba unaopitishwa mu mkono mpaka ku moyo. Fungu la pili halionyeshi alama ile. Karatasi inaweza hata kuonekana safi. Ni damu ndiyo inasema ukweli, wakipima kitu kinachoitwa troponini.

Kwa miaka mingi ilifikiriwa kwamba mu fungu la pili mshipa umeziba nusu tu, basi mgonjwa anaweza kungoja. Mwaka 2017 watafiti walikusanya masomo ya wagonjwa zaidi ya 40 000 wa fungu hilo. Karibu mmoja kati ya wanne, mshipa ulikuwa umefungwa kabisa. Na hao walikufa zaidi kuliko wenzao. Sababu moja ni kwamba waya za ECG zinabandikwa mbele ya kifua, na upande wa nyuma wa moyo hauzungumzi vizuri ku karatasi.

Tusiseme ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2019, ku hopitali ya KCMC, mji wa Moshi nchini Tanzania, walipima kwa makini watu 681 waliofika na maumivu ya kifua ao kukosa pumzi. Watu 152 walikuwa na shambulio la moyo, na 91 kati yao walikuwa wa fungu la pili, lile lisiloonekana wazi. Katika siku 30, zaidi ya 40 kwa mia walikuwa wamekufa. Ulaya, idadi hiyo iko chini ya 10 kwa mia.

Sasa, sisi wa Kisangani tufanye nini? Wengine watasema: tujengewe chumba cha kufungua mishipa, kama kile cha Taasisi ya Jakaya Kikwete ku Dar es Salaam, ao cha Kampala. Hatukatai. Lakini mchimbaji wa Bafwasende anatoka zaidi ya kilometa 200 ku pikipiki mbele ya kuona lami ya Makiso. Kwake yeye, kinachookoa ni kile kilicho karibu na cha bei ndogo.

Na kipo. Mwaka 1988 utafiti mkubwa wa wagonjwa 17 187 ulionyesha kwamba aspirini peke yake, mwezi mmoja, ilipunguza vifo vya majuma matano ya kwanza kwa karibu robo. Dawa ya franka kidogo! Lakini ile ya kuyeyusha damu ni nyingine: mu fungu la pili haisaidii, na inaweza kumwaga damu ku kichwa. Ndiyo maana kituo cha afya bila ECG kinatibu gizani.

Feza zinaweza kutoka wapi? Kodi ya madini ya mwaka 2018 inasema 25 kwa mia ya malipo ya kampuni za madini ni ya provensi, na 15 kwa mia ni ya mamlaka ya pale madini yanapotoka. Kila kampuni inayochimba inapaswa pia kutoa angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Kila mwaka tunasikia juu ya madarasa na visima, na ni vizuri. Tuombe pia ECG, vipimo vya troponini, na mafunzo kwa wauguzi wa karibu na machimbo.

Kwa familia, tunasema hivi. Uzito mu kifua unaokwenda ku mkono ao ku taya, jasho baridi, kutapika: musiseme ni tumbo tu na kumrudisha mutu mu shimo. Kwa mama na kwa mwenye sukari, pengine ni kukosa pumzi na uchovu tu. Asitembee, abebwe. Muuguzi atasema kama anaweza kutafuna aspirini, maana mwenye vidonda vya tumbo ao anayetoka damu iko na hatari.

Na mukifika hopitali, karatasi ya kwanza ikiwa safi lakini maumivu yangali pale, musikubali kurudi haraka. Muulize kwa heshima: «Dokta, mutarudia ECG saa ngapi?» Mu ugonjwa huu, karatasi moja haitoshi kumwambia mutu aende nyumbani, sawa vile kifo cha ghafula hakitoshi kumwita jirani mulozi.