Chuo hutoa cheti, lakini Baraza ndilo husajili muuguzi

Kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa, mitaa yetu ya jijini hujaa makaratasi. Hubandikwa kwenye milingoti ya stima, kwenye vituo vya matatu na hata kwenye milango ya vyoo. "Somea uuguzi! Alama yoyote! Miezi sita!" Karatasi moja ya aina hiyo ilimfikia jirani yangu, mama anayeuza mboga, ambaye bintiye alikuwa amepata alama ya C.

Mama huyu alikuwa amepokea zamu yake ya chama. Pesa hizo, alizongojea karibu mwaka mzima, alizipeleka chuoni zikawa malipo ya kwanza ya karo. Jioni hiyo alinijia akiwa na risiti mkononi na uso wenye furaha.

"Baba Kevin," aliniambia, "mtoto wangu atakuwa nasi."

Nilimwomba anionyeshe karatasi. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, iliandikwa kwamba kozi ni ya msaidizi wa muuguzi. Nilikosa namna ya kumweleza bila kumvunja moyo. Mafunzo hayo huenda yakamsaidia mtu kupata kazi ya kutunza wazee au wagonjwa nyumbani, na kazi hiyo si ya aibu. Lakini hayamwingizi mtu katika rejista ya wauguzi wa Kenya, hata akipata alama za juu namna gani.

Hili, msomaji, ndilo jambo la kwanza ambalo kila mzazi na mwanafunzi yapasa alifahamu. Chuo hakimfanyi mtu awe muuguzi aliyesajiliwa. Mwenye mamlaka hayo ni Baraza la Wauguzi la Kenya, lililowekwa na Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257. Baraza hukagua na kuidhinisha vyuo. Mwanafunzi akianza masomo, chuo hupeleka jina lake kwa Baraza naye akapewa nambari. Akimaliza, hufanya mtihani wa Baraza, na ni baada ya kuufaulu ndipo husajiliwa na kupewa leseni. Aliyesomea chuo kisichotambuliwa hawezi kuukaribia mtihani huo. Miaka yake na karo ya wazazi wake huwa imekwenda na maji.

Basi njia zenyewe ni zipi?

Ya kwanza ni diploma, ambayo kwa kawaida huchukua miaka mitatu. Hufunzwa katika Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC, kilichoanza mwaka wa 1927 na ambacho sasa kina matawi katika pembe zote za nchi. Hufunzwa pia katika vyuo vya hospitali za misheni, kama vile Tumutumu, Chogoria, Kijabe na Tenwek. Mwanafunzi hujifunza uuguzi wa kawaida, ukunga na afya ya jamii kwa pamoja. Kwa waliofanya KCSE, huhitajika C ya jumla, C katika Biolojia na katika Kiingereza au Kiswahili, na angaa C- katika Kemia, Fizikia au Hisabati.

Ya pili ni digrii, ambayo ni miaka minne chuoni na mwaka mmoja wa mafunzo kazini hospitalini. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuifunza mwaka wa 1992, na vyuo vikuu vingine vingi sasa vinayo. Hapa huhitajika C+ ya jumla, na C+ pia katika Biolojia, Kemia, lugha, na Hisabati au Fizikia. Hata hivyo, kwa sababu ya ushindani, wanaochaguliwa kuingia vyuo vikuu vya umma aghalabu huwa na alama za juu kuliko hizo.

Ya tatu ni cheti, njia ya muda mfupi zaidi kwa mwenye alama za chini. Mwenye cheti pia hutambuliwa na Baraza, ila huandikwa katika orodha nyingine, na ni lazima arudi darasani akitaka kupanda hadi usajili kamili.

Wazazi wengi hukosea hapa. Mjomba wa binti huyu, kwa mfano, alishikilia kwamba diploma ni ya walioshindwa, na afadhali msichana arudie kidato cha nne atafute digrii. La hasha! Mwenye diploma aliyefaulu mtihani wa Baraza ni muuguzi aliyesajiliwa sawasawa na mwenye digrii. Ni kweli kwamba mwenye digrii huanza kwa daraja la juu zaidi la mshahara katika utumishi wa umma, na ni rahisi kwake kuendelea hadi uzamili. Lakini wa diploma hafungiwi mlango. Vyuo vikuu huwapokea wauguzi wenye diploma wasomee digrii, na wengi hufanya hivyo huku wakiendelea na kazi. Hata wale wa cheti walifikiriwa: mwaka wa 2005, AMREF kwa ushirikiano na Baraza ilianzisha masomo kwa njia ya kompyuta ili wapande hadi usajili bila kuviacha vituo vyao vya kazi. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa hivyo chagua kwa kupima mambo matatu: alama ulizo nazo, pesa za nyumbani, na muda ambao familia inaweza kusubiri. Pale pesa zinapopunguka, kumbuka kwamba mkopo wa HELB si wa vyuo vikuu pekee. Wanafunzi wa KMTC pia huomba. Nanyi mlio katika sekondari pevu chini ya mtaala mpya, ulioanza Gredi ya 10 mwaka wa 2026, msilitupe somo la Biolojia ikiwa moyo wenu uko wodini.

Tusidanganyane kuhusu kazi. Tangu mwaka wa 2013 hospitali nyingi za umma ziko chini ya serikali za kaunti, na wapo wauguzi waliohitimu ambao bado wanangoja kuajiriwa. Wengine hutazama ng'ambo, hasa baada ya Kenya na Uingereza kutia saini mkataba wa wahudumu wa afya mwaka wa 2021. Lakini hata huko, mwombaji hutakiwa kuonyesha kwamba amesajiliwa na Baraza la nchi yake. Ni yale yale.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, basi, tafuta orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa katika tovuti ya Baraza, au fika kwenye afisi zake karibu na Ngong Road, Nairobi. Hakikisha kwamba jina la chuo liko, na kwamba kozi unayotaka ndiyo iliyoidhinishwa. Chuo kikikujibu kwamba usajili "uko njiani", wewe nawe shika njia urudi nyumbani na pesa zako.

Jirani yangu alirudi chuoni mara tatu kudai pesa zake. Hakurudishiwa hata ndururu. Bintiye aliomba nafasi ya diploma, akaipata, na sasa yuko mwaka wa pili. Mama bado anauza mboga, na bado anachangia chama. Mwaka huu zamu yake ilipofika, alimtuma kwanza binti akaulize Baraza iwapo nambari yake bado iko kwenye orodha. Ilikuwepo. Ndipo akaenda kulipa karo.