MEZA YA MAMA JIKONI

Ndugu msomaji, ukiingia katika nyumba za Wakristo wengi utaona meza nzuri katika chumba cha wageni. Imepigwa randa, imetandikwa kitambaa cheupe, na juu yake pana Biblia na maua. Sasa pita nyuma mpaka jikoni. Huko mama ameinama. Sahani ziko chini, sufuria iko chini, sombe inakatwa chini, na kuku anapita katikati ya vyombo kama mwenye nyumba. Mimi nasema jambo hili halifai. Meza ya kwanza katika nyumba ni ile ya jikoni, na anayepaswa kuijenga ni baba.

Labda utauliza, Kwa nini mhubiri na mwuguzi anasema habari za useremala? Sikiliza. Mama akileta mtoto anayehara, tunamwuliza mtoto alikula nini. Mara nyingi anajibu kwamba hakula kitu kibaya, naye hasemi uongo. Bugali ilikuwa moto, samaki walipikwa vema. Lakini sahani ililala chini tangu asubuhi. Mbwa aliilamba. Kuku aliyetoka kuchakura mavi nyuma ya nyumba aliikanyaga. Nzi walitoka chooni wakatua juu yake, nao hawapangusi miguu mlangoni. Basi chakula chema kilitiwa katika sahani yenye ugonjwa, na mtoto akala.

Tena iko habari ya minyoo mikubwa ya tumbo. Mnyoo jike mmoja aweza kutaga mayai yapata 200,000 kwa siku moja. Mayai hayo hutoka pamoja na mavi ya mtu, na katika udongo wenye unyevu na kivuli yaweza kukaa hai miaka mingi. Jicho halioni kitu. Sahani iliyooshwa vizuri, ikilazwa chini ingali na maji, inashika udongo huo mara moja. Kazi yote ya kuosha imepotea.

Jambo la tatu ndilo linalonihuzunisha kuliko yote. Sufuria ya maji ya moto au maharagwe imeepuliwa, imewekwa chini kando ya mafiga. Mtoto anayejifunza kutembea anakuja, anayumba, anaanguka. Kuhara twaweza kukuponya kwa siku chache ukifika mapema, lakini ngozi iliyoungua sana huacha kovu, na mara nyingine mkono haunyooki tena. (Mtoto akiungua, mmwagie maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20, kisha mfunike kwa kitambaa safi na kumleta. Msipake mafuta, wala yai, wala dawa ya meno.) Kama sufuria ingalikuwa juu ya meza, katikati, mbali na ukingo, mtoto huyo angalipita chini yake akicheza. Wala msitandike kitambaa juu ya meza hiyo, kwa maana mtoto atakivuta na sufuria itamfuata.

Wako wanaosema, Nyanya zetu walipika chini nao walizeeka. Ni kweli, wengine walizeeka. Lakini waulizeni wale walio hai walizaa watoto wangapi na kuzika wangapi. Tena zamani nyumba zilikuwa mbalimbali. Leo katika Goma, Bukavu na Uvira tunabanana, ukuta kwa ukuta, na kuku wa jirani ni wageni wetu wa kila siku.

Wengine husema meza ni kitu cha wenye mali. Ndugu, huo ni udhuru tu. Mkija kutembelewa na mchungaji, meza inapatikana siku ileile! Soma 2 Wafalme 4:10, uone yule mama wa Shunemu alivyomwambia mumewe wamfanyie Elisha chumba, wala hakusahau meza. Alifanya vema. Lakini sijaona palipoandikwa kwamba mtu alimfanyia mama yule meza yake mwenyewe. Na mwanamume akiona haya kushughulika na mambo ya jikoni, asome Marko 6:3 akumbuke Bwana wetu aliitwa kwa kazi gani.

Basi, hatuhitaji misumari wala mbao za duka. Tafuta miti minne migumu yenye panda juu, ya namna ambayo mchwa hawaipendi. Wazee wa kijiji chako wanaijua kuliko mimi. Mwite mama asimame wima, akunje kiwiko. Meza iwe chini ya kiwiko chake kadiri ya upana wa kiganja. Kwa wanawake wengi itakuwa kama sentimeta 80 mpaka 90 toka chini. Usipime kwa kimo chako wewe, baba, maana si wewe utakayesimama hapo. Ongeza sentimeta 50 za kuingia ardhini. Miguu ikifukiwa hivyo na udongo ukishindiliwa kwa nguvu, meza haitikisiki. Upana usizidi sentimeta 60, ili mkono ufike upande wa pili.

Laza miti miwili mirefu katika panda, kisha mifupi kwa kukingama, na juu yake mianzi iliyopasuliwa. Mgongo wake unaong'aa uwe juu, kwa sababu huo haunywi maji kama upande wa ndani. Funga kwa kamba za porini, au kwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu la baisikeli, ambavyo hudumu zaidi.

Meza ya nje, ya kukaushia vyombo, iwekwe juani. Acha nafasi ya kidole kimoja kati ya mwanzi na mwanzi ili maji yashuke, na chini yake utandaze mawe na kuchimba mfereji mdogo uende kwenye migomba, pasiwe na matope. Sahani zilale kifudifudi. Usiijenge karibu na kisiki wala ukuta mfupi. Mbuzi akipata mahali pa kukanyaga atakuwa juu kabla hujarudi ndani. Meza ya jikoni, ya kukatia mboga na kuwekea chakula, hiyo haitaki nafasi, maana uchafu hukaa humo. Kama unao ubao mmoja, mama akatie nyama juu yake, kisha ausugue kwa sabuni na maji ya moto na kuuanika. Kama nguvu zako zinatosha meza moja tu, anza na ya nje.

Mama akitaka kuketi akisonga bugali, mwacheni aketi. Kazi ile inataka nguvu, na wengi hushika sufuria kwa miguu. Mimi sibishani na hilo. Ikiisha kusongwa, ipande mezani.

Wala mtu asiseme, Nimejenga meza, choo sina haja nacho. Mwaka 1994, huko Goma, wakimbizi waliotoka Rwanda walikufa maelfu kwa maelfu katika majuma machache kwa kolera na kuhara damu, na sababu yake ilikuwa maji machafu na kukosa vyoo. Meza haiwezi kushindana na hayo. Mikono isiyonawa huchafua hata sahani iliyokauka juani.

Nyuma ya wodi, katika jiko la walinzi wa wagonjwa, iko meza moja ya namna hii. Wewe baba unayemlinda mgonjwa wako, mchana unazo saa nyingi za kukaa bure. Nenda uiangalie. Shika vifungo vyake, chungulia chini uone miti ilivyokingamana. Pima urefu na upana kwa kamba. Lakini kimo chake usikichukue. Hicho utakipima nyumbani, mama akiwa amesimama.