Mshenzi ni Nani?

Liko neno linalotembea sana Butembo na Beni, nalo ni mshenzi. Wenye pikipiki hutupiana njia panda, wachuuzi hutupiana sokoni, hata watoto wa shule wamekwisha kulijua. Je, twajua tunasema nini?

Neno hili lilitufikia toka pwani. Waungwana wa miji ile walimwita mshenzi mtu wa bara, asiye wa mji wao wala wa dini yao. Misafara ya pembe na ya watumwa ikalileta mpaka Kongo. Basi kwa kipimo hicho, washenzi ni babu zetu wote, wa milima ya Lubero na wa bonde la Semliki.

Wabelgiji walilikuta neno, wakalishika. Mwaka 1948 walianzisha kadi ya sifa ya kiraia, na mwaka 1952 wakatoa amri ya kuwaandikisha watu waliohesabiwa kuwa wameendelea. Wachache sana walipata karatasi hizo. Wengine wote walibaki "basenji". Uhuru ulipokuja mwaka 1960, karatasi zikafa. Neno halikufa, lilihamia midomoni mwa wananchi wenyewe.

Leo lampiga nani? Lampiga mkulima mwenye matope miguuni, asiyejua Kifaransa. Lampiga mama aliyekimbia Oicha au Eringeti kwa ajili ya mauaji yaliyoanza Oktoba 2014, akaacha shamba lake la kakao, akafika mjini na watoto tu. Lakini viazi na maharagwe tunayokula, nani ameyalima? Mji unaomtukana mkulima unatukana chungu chake wenyewe.

Wengine watajibu: "Ni mchezo tu. Tena watu wabaya wako kweli." Vema. Mwizi aitwe mwizi, na mlevi aitwe mlevi. Maneno hayo yataja tendo, na tendo mtu aweza kulitubu. Lakini mshenzi lataja asili ya mtu. Atatubuje kuzaliwa kijijini?

Bwana wetu Yesu Kristu alikulia Nazareti, kijiji kilichodharauliwa. Natanaeli mwenyewe alitia shaka kama chema chaweza kutoka huko. Basi, wazazi, tulifukuze neno hili nyumbani mwetu. Na mgeni akibisha mlangoni, kwanza tumwulize jina lake.