Kabla ya kusogeza ukuta, toa vitu nje



Juma lililopita, tulipomaliza kuhesabu akiba ya AVEC, mama mwandishi wa kikundi alinivuta pembeni. “Dada, ordinatere ya nyumbani inasema kila asubuhi kwamba C imejaa, lakini D ni tupu karibu yote. Hata daftari yetu ya akiba inakataa kuhifadhiwa. Fundi anasema atasogeza mpaka, C ipate nafasi. Nimruhusu?”

Nilimuuliza jambo moja: “Daftari hiyo iko mahali pengine popote?” Akanyamaza.

Kimya hicho nakijua. Mimi pia fundi alinisogezea mpaka, umeme ukakatika katikati ya kazi, na bateri ya mashini ilikuwa imechoka. Tulipoiwasha tena, D haikufunguka. Ndani mlikuwa na picha za mwisho za mama yangu mzazi. Fundi hakuniuliza kama nina nakala, nami sikujua kwamba ni lazima kuwa nayo.

Basi tuelewane. C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja. C hulala Windows na programu zake. D huwekwa vitu vyetu. Kati yao kuna ukuta mwepesi, unaweza kusogezwa. Lakini nyumba ikiungua, vyumba vyote viwili vinaungua. Kwa hiyo kunakili kitu kutoka C kwenda D si kukilinda. Nakala ya kweli hukaa nje ya mashini: kwenye kle ya USB au diski ya nje.

Kwanza, jaribu kufagia. Futa vilivyomo katika “Corbeille”. Angalia “Téléchargements”, mara nyingi watoto wameacha humo filamu na nyimbo. Hamishia video na picha nzito kwenye D. Nyumba nyingi hupona hapo, bila kugusa ukuta.

Kama nafasi bado ni ndogo, fuateni utaratibu huu.

Nakilini vitu vyote vya D kwenye diski ya nje, pamoja na barua na picha zilizo C. Kisha fungueni mafaili kadhaa kutoka diski hiyo kwenye mashini nyingine. Nakala ambayo hamjaifungua, msiiamini bado.

Chagueni saa ambayo umeme hautikisiki, bateri ikiwa imejaa. Kama mashini haina bateri nzuri, ngojeni siku nyingine.

Sasa bonyezeni alama ya Windows kwa kibonye cha kuume cha kipanya, mchague “Gestion des disques”. Mtaona vyumba vimepangwa mstari mmoja. Hapa wengi hukwama. Wanapunguza D, kisha wanashangaa kuona C haikubali kukua. Sababu ni hii: nafasi inayotoka D hubaki nyuma ya D, lakini C hupokea tu nafasi iliyo wazi ubavuni mwake, upande wa kuume. Ni kama kubomoa ukuta wa nyuma wa jirani ukitaka kupanua sebule yako.

Kwa hiyo, nakala ikiwa salama nje, futeni D yote kwa “Supprimer le volume”. Kisha bonyezeni C, “Étendre le volume”. Kisanduku huhesabu kwa mega: mkitaka kuongeza giga 80, andikeni 81920. Nafasi inayobaki ifanyeni D mpya kwa “Nouveau volume simple”, mrudishe vitu vyenu. Kama kati ya C na D kuna chumba kidogo cha “récupération”, msikifute; hapo iteni fundi mwenye ujuzi. Vilevile, kama kuna programu zilizowekwa ndani ya D, zitapaswa kuwekwa upya.

Na fundi akija, mama asione haya kumuuliza kabla hajagusa kitu: “Nakala iko wapi? Umeme ukikatika, tutafanya nini?” Fundi mzuri hakasiriki kwa maswali hayo.

Mama mwandishi alifagia tu, na C ikapata pumzi. Lakini tulijifunza zaidi ya hapo. Sanduku letu la akiba lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wamama watatu. Daftari inayosema ni nani ameweka kiasi gani ilikuwa mahali pamoja tu, bila kufuli, bila nakala. Sasa tumenunua kle moja. Kila siku ya mkutano daftari inanakiliwa mbele ya wote, na kle inafungiwa ndani ya sanduku pamoja na pesa.

Nyumbani kwako, mama, nakala iko wapi?