Usilipie Samaki Wote Kabla Hujawaona Wakiogelea

Mvua ikishaanza kujaza vidimbwi huku Uasin Gishu, maswali tunayopigiwa hubadilika. Mapema mwakani watu huuliza kuhusu karo na mbolea. Baadaye linakuja hili: nimepata mtu anauza vifaranga vya samaki, anataka nitume pesa yote leo ndio anipakie kesho, je, nitume?

Jibu letu huwa fupi: usitume yote. Lakini mtu ambaye ameshachimba kidimbwi, ameshalipa vijana wa mtaro na ameshanunua karatasi ya kutandika chini, hataki jibu fupi. Anataka samaki. Kwa hivyo leo tulieleze vizuri.

Msimamo wetu ni kwamba mnyama hai anayesafirishwa hafai kulipiwa pesa yote kabla hajafika. Ukiagiza viti vya plastiki na vichelewe siku mbili, bado ni viti. Kifaranga cha samaki kikikaa kwenye mfuko ulioishiwa na oksijeni, hakuna cha kupokea. Na hapo ndipo wateja wengi wanatukasirikia. Wanapiga simu wakisema, "Rudisheni pesa yangu." Sasa, kurudisha muamala ni huduma ya mtu aliyekosea nambari, na hata hiyo inategemea kama aliyepokea hajaitoa. Wewe hukukosea. Ulimtumia mtu uliyemtaka, kiasi ulichotaka. Kwamba samaki walifika wamekufa ni ugomvi wa biashara kati yenu wawili, na mfumo wetu hauwezi kuchungulia ndani ya mfuko uone nani anasema ukweli. Ni heri ulijue hilo kabla ya kubonyeza.

Kuna jambo lingine ambalo halihusu simu kabisa, ila ndilo linalokula pesa za watu: kununua samaki asiyefaa maji yako. Siku hizi trauti ametangazwa sana, na tunaelewa kwa nini. Ni samaki wa hoteli, na ana jina kubwa. Aliletwa Kenya mwaka 1905 na Ewart Grogan kutoka Scotland, ili walowezi wapate wa kuvua kwenye mito ya Aberdare, na tangu mwishoni mwa miaka ya arobaini kituo cha Kiganjo, kaunti ya Nyeri, kimekuwa kikimzalisha. Lakini trauti ni samaki wa maji baridi yanayotembea. Maji yakipita nyuzi 20 hivi anaanza kuteseka, na yakitulia oksijeni inampungukia. Kama una chemchemi inayoingia na kutoka kidimbwini mchana na usiku, pengine huko juu Kaptagat, unaweza kufikiria. Kama kidimbwi chako ni maji ya mvua yaliyotulia, yanayochomwa na jua la mchana la Eldoret, unanunua hasara.

Tilapia naye ana shida yake hapa kwetu, tusidanganyane. Anapenda maji ya nyuzi 25 kwenda juu, na sisi tunaishi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Atakua, ila polepole kuliko wa Kisumu au Busia. Kwa hivyo muuzaji akikuahidi miezi sita kwa uhakika bila hata kuuliza uko wapi, shuku. Kwa maoni yetu, hiki ndicho kipimo bora cha muuzaji, kuliko picha za WhatsApp na kuliko bei: je, amekuuliza kuhusu maji? Yanatoka wapi, yana kina gani, kidimbwi kina ukubwa gani? Asiyeuliza anauza mifuko tu. Na kabla hujampigia yeyote, zungumza na afisa wa uvuvi wa kaunti, au fika Chuo Kikuu cha Eldoret pale Chepkoilel, ambako masomo ya uvuvi yanafundishwa na kuna shamba la samaki. Nauli ya kwenda Chepkoilel ni pesa kidogo sana ukilinganisha na vifaranga elfu moja.

Tukisema elfu moja hatujaitoa hewani. Mwaka 2009, serikali ilipoanza mpango wa kufufua uchumi, ilichimbia wakulima vidimbwi 200 katika kila eneo bunge kati ya 140, kila kimoja cha mita mraba 300, na kuwapa vifaranga 1,000 kwa kidimbwi. Kipimo hicho cha samaki watatu hivi kwa mita mraba bado kinatumiwa na wengi. Muuzaji anayekushauri uweke elfu tatu mahali hapo anafikiria mfuko wake.

Sasa tuje kwenye malipo. Tuseme vifaranga ni shilingi 10 kila kimoja, jumla 10,000. Tunapendekeza utume 3,000 za kuagiza na 7,000 zikibaki mpaka samaki wafike. Wauzaji watalalamika, na wana haki kidogo. Wapo wanunuzi wanaoagiza kisha wanazima simu, huku samaki wameshanyimwa chakula siku nzima tayari kwa safari na oksijeni imeshajazwa. Ndio maana hatusemi usilipe chochote. Malipo ya kwanza yatoshe gharama zake za kupakia na usafiri, ili ukitoroka asiumie. Muuzaji anayekataa hata mpango huo anakuambia kwamba hatari yote ni yako, na hapo una uhuru wa kutafuta mwingine.

Utasema, aha, hawa wanataka nilipe mara mbili ndio wapate ada mara mbili. Swali zuri! Lipia kwa nambari ya till ya biashara. Hapo kwa kawaida mnunuzi hakatwi. Tena till huonyesha jina la biashara kabla hujathibitisha. Jina hilo lisome. Kama mlikuwa mnaongea na kituo cha kuzalisha vifaranga na jina linalotokea ni la duka la simu, simama hapo. Na akikuambia, "Nitolee tu kwa ajenti huyu, nambari ni hii," kataa. Kutoa pesa ni kwa mtu aliyesimama mbele ya ajenti. Anayeomba hivyo ukiwa mbali anataka pesa iwe noti mkononi kabla hujashtuka.

Kabla ya kutuma zile za kwanza, mwombe akuandikie ujumbe mfupi, si kwa sauti: vifaranga 1,000 vya tilapia, madume peke yake, wanafika Jumamosi asubuhi, watakaofika wamekufa watafidiwa. Usiufute. Pamoja na ujumbe wetu wa muamala, huo ndio ushahidi wako mkizozana. Neno "madume" lisikosekane, kwa sababu wakichanganyika watazaana na kidimbwi kitajaa vidogo visivyouzika.

Siku ya kupokea, usifungue mifuko mbio mbio. Iache ielee kidimbwini robo saa hadi nusu saa ili maji ya ndani yalingane na ya nje, kisha ingiza maji ya kidimbwi kidogo kidogo. Washa kamera ya simu kabla ya kufungua. Chagua mfuko mmoja wewe mwenyewe, si ule anaokupa aliyeleta, uhesabu samaki wake wote, kisha zidisha kwa idadi ya mifuko. Angalia kama wanaogelea wima na kama wanakimbia ukipitisha mkono. Waliolala ubavu au wanaohema juu ya maji waweke kando na muwahesabu pamoja. Mkikubaliana, toa waliokufa kwenye zile 7,000 na utume kinachobaki papo hapo, aliyeleta akiwa bado amesimama nawe, ili naye aondoke na ujumbe wake. Kama walikufa 60, utatuma 6,400.