NYUMBA YA OFISI, NANI HUULIZWA?



Tarehe 25 Disemba 2020 Beit-el-Ajaib iliporomoka upande wa mbele pamoja na mnara wake wa saa, ikiwa katika matengenezo, wakafa wafanyakazi wawili. Mwenyezi Mungu awarehemu. Jumba hilo lilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, na kuanzia 1911 Waingereza wakalifanya ofisi za Serikali. Sehemu yake nyengine ilikwisha anguka mwaka 2012. Baina ya onyo na msiba ni miaka 8.

Hatuandiki ili kumtafuta wa kumtwisha lawama. Tunauliza: katika ofisi za Serikali, nani huulizwa khabari ya nyumba? Karani aliyekaa chini ya dari moja miaka 20 anajua pahala maji yanapoanza kuchururika masika yakiingia. Mfagiaji huzoa kila asubuhi chokaa iliyodondoka usiku. Tarishi anajua mlango upi umeanza kukwama kwa kuwa ukuta umeinama. Hawa hawaitwi katika kikao chochote. Huitwa mkandarasi, nyumba ikiwa mahututi.

Majumba ya Mji Mkongwe mengi ni ya mawe, udongo na chokaa, na juu ni boriti za mikoko. Boriti huanza kuoza kichwani, ndani ya ukuta, pasipofika macho, na maji huingia kwa mlizamu ulioziba majani. Kuuzibua mlizamu ni kazi ya mtu mmoja na ngazi. Kubadili boriti ni kazi ya mafundi na fedha nyingi. Tena akija mtu akapaka saruji juu ya chokaa, unyevu hukosa pa kutokea ukabaki ukila ukuta. Mwandishi ni muuza duka, si mhandisi. Lakini gunia la sukari likiegemezwa ukuta mbichi humsomesha mtu mengi, na ada yake hulipwa taslimu.

Itajibiwa kwamba Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na kwamba UNESCO iliutia mji katika urithi wa dunia mwaka 2000. Naam, hatukanushi. Lakini hao wote hawalali chini ya dari linalovuja.

Tunataka kila ofisi iwe na kamati ya nyumba: karani, tarishi, mfagiaji, fundi wa chokaa, jirani wa ukuta, na mwananchi mmoja katika wanaopanga mstari hapo. Iwe na daftari la nyufa na uvujaji, na kila lalamiko lijibiwe kwa maandishi na tarehe. Fungu la matengenezo libandikwe mlangoni, lisomwe. Na kamati iwe na haki ya kufunga chumba chenye khatari bila ya kungoja idhini ya mkubwa. Hili la mwisho ndilo litakalopingwa, kwani mkubwa hapendi kufungiwa chumba na mfagiaji. Nasi ndilo tusiloliachia.

Wanachama mlioajiriwa maofisini, anzeni daftari sasa, kabla ya masika. Wala tusijisahau wenyewe: chumba kinachochapiwa gazeti hili kinavuja pembe ya kibla, na ndoo ipo pale tangu vuli. Watakaokuja Ijumaa baada ya sala waje na ngazi.